Gome Lililobaki Hai

Siku ya moto, mtaa mzima ulikimbia kushuka kilima isipokuwa mwanamke mmoja, ambaye alikimbia kupanda.

Huyo alikuwa Bi Fagio. Jina hilo alipewa na watoto wa jirani, kwa sababu kila asubuhi alipanda kilimani na fagio la njiti kufagia chini ya mti mkubwa, kama mama yake alivyofanya, na bibi yake kabla ya hapo. Mti wenyewe haukuwa na jina. Watu waliuita Mti tu, kama unavyosema Mama bila kueleza mama gani. Walikwenda kuuambia yasiyosemeka nyumbani: mwenye kinyongo na nduguye, mwenye mimba ya wasiwasi, mwenye ndoto inayomrudia. Sharti lilikuwa moja: usichume hata jani. Anayechuma pale huchumiwa nyumbani kwake. Ndivyo walivyofundishwa, na hakuna aliyewahi kujaribu ili aone.

Bi Fagio alikuwa na mtoto mmoja, fundi wa mabomba ya maji, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Bomba. Kelele za moto zilimkuta amelala chali chini ya sinki la jirani, spana mkononi. Alipoambiwa mama yake ameelekea juu, hakuuliza mara mbili. Alimkuta anaupiga moto kwa gunia bichi, nywele za mbele zimeshaungua, anausemesha mti kwa sauti ya mtu anayembembeleza mgonjwa.

"Mama, twende!"

"Nenda wewe!"

Akambeba begani kama mfuko wa saruji, naye akimtwanga ngumi za mgongo. Walikuwa karibu kutoka chini ya matawi wakati tawi kubwa lilipokatika. Mama lilimkosa. Mwana lilimpata shingoni, begani na mkono wote wa kulia, likiwa linawaka.

Jioni upepo uligeuka na moto ukafia kwenye majabali. Kilima kilibaki cheusi kuanzia kisogoni hadi miguuni, na katikati yake Mti ukasimama bila jani, bila ndege. Kila aliyeutazama alisema umekufa. Kesho yake Bi Fagio alichukua fagio akaenda kufagia majivu.

*

Mke wa Fundi Bomba alikuwa msusi. Saluni yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba waliyoishi wote watatu: kiti cha kuzunguka kilichokwisha acha kuzunguka, kioo chenye ufa pembeni, na sufuria ya maji ya moto ya kuchovya ncha za nywele akishamaliza kusuka. Tangu mumewe alazwe, hakuweza kuitazama sufuria ile. Mvuke ukipanda, aligeuza uso.

Walipangiana zamu za hospitali. Mama mkwe alikwenda asubuhi akitoka kufagia, msusi alikwenda jioni akifunga saluni. Wodi ya walioungua ilikuwa mwisho wa korido ndefu, na kabla hujaiona ungeshaisikia, maana mabandeji yalikuwa yakibadilishwa muda wote. Mumewe alilala kwa ubavu wa kushoto chini ya chandarua, mkono umefungwa mpaka vidoleni. Siku za mwanzo alikuwa bado na utani.

"Sasa umepata mume asiyeweza kukushika," alimwambia. "Furahi."

"Una mkono mwingine," msusi alijibu. "Nikifurahi mapema nitajuta."

Daktari alisema anaendelea vizuri. Ndipo asubuhi moja Bi Fagio akaingia saluni mbio, majivu mpaka magotini, mbele ya wateja.

"Umechipua!" alisema. "Upande wa jabali, chini kabisa. Mwekundu kama ulimi wa mtoto! Mwanangu atapona. Mkwe wangu, umesikia? Umechipua!"

Wateja walipiga vigelegele. Msusi naye alipiga, chanuo likiwa mdomoni. Lakini jioni, alipofika wodini, nesi alimzuia mlangoni. Mgonjwa alikuwa amepandwa na homa tangu asubuhi. Kidonda cha begani kilikuwa kimeingiwa na uchafu.

*

Huenda jambo lile lingepita hivihivi kama si Redio. Redio alikuwa muuza nguo wa sokoni, mteja wa siku nyingi, mwanamke asiyejua kunyamaza hata akiwa anavutwa nywele za kisogoni. Alikuwa amekaa kitini siku ya pili, akasimuliwa habari za Mti, kisha akasimuliwa habari za homa, akafikiri kidogo.

"Uhai hautoki hewani, dada," alisema. "Ukiona mmoja anainuka kwenye mauti, tazama nani amelazwa."

"Una maana gani?"

"Sina maana. Mimi nasema tu. Aa, taratibu hapo, unaning'oa!"

Msusi aliendelea kusuka, lakini mistari ya nywele ilianza kumpinda. Siku zilizofuata alisikiliza kwa masikio mapya. Mama mkwe akirudi na kusema machipukizi yameongezeka, jioni nesi alisema homa imepanda. Mama mkwe akisema leo jua limeyanyausha kidogo, jioni mumewe alifumbua macho akaomba maji. Alijiambia ni bahati tu. Alijiambia hivyo kila siku, na kila siku hakujiamini.

Mchana mmoja, mama mkwe akiwa bado hospitali, alifunga saluni akapanda kilimani peke yake.

Hakukuwa na mdudu wala ndege. Majivu yalikuwa yamefagiliwa mistari mistari kuuzunguka Mti, na nyayo zake zilionekana wazi juu yake kama za mwizi kwenye unga. Upande wa jabali aliyaona: machipukizi ya rangi ya damu, laini, yanang'aa. Alisimama mbele yake. Kisha akamkumbuka mumewe anavyopumua, akanyoosha mkono.

Yalikatika kwa urahisi kuliko alivyotegemea. Kila lilipokatika lilitoa utomvu mweupe kama maziwa, ukamshika vidole. Aliyatupa yote nyuma ya jabali, akashuka bila kuangalia nyuma. Nyumbani alinawa kwa sabuni, akanawa kwa mafuta ya taa, ule utomvu ukakataa kutoka. Ulikauka ukawa mweusi kwenye mikunjo ya vidole.

Jioni ile homa ilishuka. Mumewe alimtambua, akamwita jina ambalo alimwita wakiwa wawili tu.

Basi akawa anapanda. Machipukizi yalitoka tena, kila mara mahali pengine, na kila mara akayafuata. Alikuwa mtu mpole, hakuwahi kumchinja hata kuku, lakini sasa vidole vyake vilijifunza kazi ile vikaifanya upesi. Wateja walimwambia mikono yake inanata. Bi Fagio alirudi nyumbani akilalamika kuhusu mbuzi wanaokula machipukizi. Alikata miiba akauzungushia Mti uzio. Msusi alimsaidia kuibeba miiba.

*

Alikamatwa jikoni, bila kelele. Alikuwa anampa mama mkwe kikombe cha maji, na mama mkwe badala ya kushika kikombe akamshika kiganja. Akakigeuza. Akakinusa.

"Nilidhani mbuzi," alisema polepole. "Kumbe mbuzi tunalala naye nyumba moja."

Msusi hakuvuta mkono. "Mama, ukichipua, yeye anazidiwa. Nimeangalia. Si mara moja."

"Umeangalia nini wewe? Mimi namwambia kila asubuhi, 'Baba, Mti umechipua,' naye anaitikia kwa kichwa. Anashikilia hapo! Unamkata mwanangu kwa vidole vyako mwenyewe!"

"Mti unamnywa, mama."

"Funga mdomo."

"Unamnywa. Tawi lile lilimwangukia, likaonja, sasa linamaliza."

Bi Fagio alimwachia mkono kana kwamba umemuunguza. Alikuwa mwanamke mfupi, na tangu siku ya moto nyusi zake hazikuota vizuri, jambo lililompa uso wa mtu anayeshangaa daima. "Unajua ndani ya ule Mti kuna nini?" aliuliza. "Kuna machozi ya mtaa mzima. Kuna ya mama yangu. Kuna yangu, ya miaka niliyokuwa natafuta huyo mtoto sipati. Na mwiko unaujua. Anayechuma huchumiwa."

"Nimeshachumiwa, mama. Nyumbani kwangu kimebaki nini?"

Walisimama hivyo, kikombe katikati yao. Mwishowe mama mkwe akamwambia aape kwa uhai wa mumewe kwamba hatapanda tena. Msusi aliapa. Kiapo kile kilimtoka mdomoni kama mfupa.

Bila mkono wa kuuzuia, Mti ulishika kasi. Upande mzima wa jabali ulijaa majani, na mvua hata haijanyesha. Watu walipanda kwa makundi. Walileta maua, waliimba, walishikana mikono kuuzunguka. Waliogombana walipatana. Walisema Mti umewasamehe, ingawa hakuna aliyejua nani aliwasha moto. Kutoka saluni msusi alisikia nyimbo zikishuka na upepo, akasuka akiwa amekaza meno.

Na wodini mumewe alianza kuongea na watu wasiokuwepo. Kisha akaacha kuongea.

*

Siku moja Bi Fagio alirudi kutoka hospitali mapema. Hakwenda uani kunawa miguu kama kawaida. Alikaa kwenye kiti cha wateja akajitazama kiooni.

"Hakunijua," alisema. "Nimemwambia majani yamejaa, upande mzima. Akanitazama. Akaniuliza, 'Dada, wewe ni nani?'" Akapitisha kiganja juu ya nyusi zake. "Daktari kaniita kando. Kasema tujiandae."

Msusi alikaa sakafuni.

"Shoka la mume wako liko wapi?"

"Mama, la nini?"

Alilipata mwenyewe, nyuma ya mabomba mabovu uani. Msusi alimfuata njia nzima ya kilima akimshika nguo, akimwomba. Jambo la ajabu, sasa yeye ndiye aliyeogopa. Kuchuma vichipukizi ilikuwa kitu kimoja. Hiki kilikuwa kitu kingine.

"Mama, si hivi. Mama, wewe ndiye mwenyewe wa hapa!"

"Wewe umekula nyama," Bi Fagio alisema bila kugeuka. "Acha mimi nimalize mifupa."

Kwa bahati mchana ule hapakuwa na mtu juu. Mti ulikuwa umeungua karibu pande zote, ngozi yake imekuwa mkaa mtupu. Palikuwa pamebaki kipande kimoja tu cha gome zima, upande wa jabali, kipana kama mlango, kikipanda kutoka mizizini hadi kwenye majani. Uhai wote ulipita hapo. Bi Fagio alipapasa gome lile kama unavyopapasa shavu la mtu.

"Nimekufagilia tangu nikiwa msichana," aliuambia. "Sijawahi kukuomba kitu ukaninyima, kwa hiyo najua unasikia. Leo siombi."

Akapiga. Pigo la kwanza lilikuwa dhaifu. La pili lilizama. Utomvu ulitoka, mweupe, mwingi, ukatiririka juu ya majivu na kutengeneza uji wa kijivu miguuni mwao. Aliendelea mpaka kipande chote kikakatika kutoka ukingo hadi ukingo. Kisha mikono yake ikaisha nguvu, akakaa chini. Msusi ndiye aliyepaka tope na masizi juu ya jeraha ili lifanane na kuungua.

Wakishuka walikutana na mwanamke kijana amembeba mtoto mgonjwa.

"Shikamoo mama," alimwamkia Bi Fagio. "Mti unaendeleaje?"

"Unaendelea," Bi Fagio alijibu, akapita.

*

Kesho yake homa iliondoka. Msusi alifika wodini akamkuta mumewe ameketi, ameegemezwa mito, ananyweshwa maziwa kwa kijiko. Alimtazama mkewe akatabasamu kwa upande wa mdomo usiouma.

Msusi alilia mpaka nesi akamvuta koridoni.

"Tulimbadilishia dawa," nesi alimweleza kwa furaha. "Ile ya kwanza kidudu kiliizoea. Hii mpya imekubali."

"Mlimbadilishia lini?"

"Juzi. Huwa inachukua siku moja au mbili kuonyesha."

Msusi alihesabu kichwani, akahesabu tena. Juzi shoka lilikuwa bado nyuma ya mabomba.

Nyumbani mama mkwe alimsubiri mlangoni. "Nesi kasemaje?"

"Kasema anapona."

"Kasema sababu?"

Msusi aliweka kikapu chini. Aliiona mikono ya mama mkwe, imechubuka, imefungwa vitambaa. "Hakusema, mama," alijibu. Na neno lile la nesi likabaki kifuani mwake, na hakukuwa tena na mahali pa kwenda kuliweka.

Majani ya Mti yalisinyaa, yakawa ya kahawia, yakadondoka. Nyimbo zikakoma. Watu waliopatana walianza kutazamana kwa jicho la pembeni, kila mmoja akijiuliza mwenzake amechuma nini. Bi Fagio hakupanda tena. Alisema miguu inamuuma.

Fundi Bomba alirudi nyumbani na shingo isiyogeuka vizuri na mkono wa kulia uliogoma kunyooka. Aliwataka wampeleke kilimani kabla hata hajavua viatu. Mama yake alikataa, kwa hiyo alikwenda na mkewe, wakipumzika kila baada ya hatua chache. Juu aliuzunguka Mti taratibu. Upande wa jabali alisimama. Fundi ni fundi: alikwangua masizi kwa ukucha, akaingiza vidole kwenye jeraha, akafuata ukingo wake.

"Hili ni shoka," alisema. Baadaye kidogo: "Hili ni shoka langu. Lina pengo hapa."

Mkewe aliinamisha kichwa.

Aliposhuka alimkuta mama yake amekaa uani, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa shaurini.

"Mama, nani alishika shoka langu?"

"Mimi." Akamwambia yote: homa, majani, hospitali, daktari. Hakumtaja mkwe wake hata mara moja. "Ulikuwa umeungulia Mti," alimalizia. "Nikaona Mti haujatosheka, bado unakunywa wewe. Nikachagua."

Fundi Bomba alikaa chini taratibu, akitafuta ardhi kwa mkono wa kushoto.

"Sikuungulia Mti, mama," alisema. "Nilikuungulia wewe."

Msusi aliingia ndani akafunga mlango, akajibana kwenye ukuta, akauziba mdomo kwa viganja vyake vyeusi.

*

Fundi hakugombana na yeyote. Alianza kulaza bomba. Kwa mkono mmoja na nusu alichimba mfereji kutoka tangi la mtaa kwenda juu, akaunganisha vipande vya mabomba mabovu, na kila siku maji yakafika kwenye mizizi ya mti uliokufa. Majirani walimcheka kwanza, baadaye wakamwonea huruma, baadaye wakazoea. Mkewe alimpelekea chakula na kukaa naye kivulini mwa jabali. Mara nyingi alitaka kumwambia habari ya dawa. Angeanza, "Ujue siku ile nesi..." kisha angemwona mama mkwe akilini, na vile vitambaa mikononi, angesema kitu kingine.

Mvua zilikuja kubwa. Zilipopungua, asubuhi moja fundi alishuka kilima akikimbia, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu aungue.

"Umechipua!" alipiga kelele tangu mbali. "Si kwenye shina! Kwenye mzizi, kando kabisa, umetoka ardhini wenyewe! Mama! Mke wangu! Njooni muone!"

Msusi alikuwa anasuka. Mama mkwe alikuwa mlangoni anachambua njiti. Walitazamana kwa kupitia kioo, na msusi aliona damu ikiondoka usoni kwa yule mama kama maji yanavyotoka beseni likitobolewa.

Fundi aliingia akihema, anacheka, tope mpaka kiunoni. Bi Fagio aliinuka, akamwendea, akamwekea kiganja kwenye paji la uso.

"Mama, mimi mzima!"

"Tulia." Alikaa hivyo muda mrefu. Kisha akageuka, akamwekea mkwe wake kiganja kile kile. Kisha akajigusa mwenyewe.

Siku hiyo walipanda wote watatu. Chipukizi lilikuwa na urefu wa kidole, jekundu, limepasua udongo mbali na shina jeusi, mahali ambapo hakuna aliyejua mzizi umefika. Fundi alipiga magoti akaondoa mawe kulizunguka. Wanawake wawili walisimama nyuma yake, mmoja huku, mwingine kule, na kila mmoja alikuwa ameficha mikono nyuma.

Sasa ni mti mdogo, unamfikia mtu kifuani. Watu wameanza kupanda tena, kwanza wachache, kwa woga, wakisimama mbali kidogo na wakisema kwa sauti ya chini. Hakuna anayechuma. Mpaka leo hakuna wa nyumba ile aliyeugua. Lakini kila asubuhi, kabla ya salamu, Bi Fagio huzunguka vyumba na kupapasa nyuso. Na msusi, akisikia mumewe amekohoa uani, huacha kusuka, nywele za mteja mkononi, akasikiliza kama atakohoa tena.